Jibu kwa msafiri aliyechoka kuitetea pasipoti yake

Swali: "Nasafiri peke yangu, begi mgongoni, nalala hosteli. Nchi yangu sitaitaja, ila ina jina baya. Kila nikisema natoka wapi, mmoja anacheka, mwingine ananirushia mzaha ule ule niliousikia hosteli iliyopita, na wa tatu anavuta simu yake karibu. Juzi chaja ya mtu ilipotea bwenini, macho yote yakanigeukia mimi. Mwanzoni nilikuwa naeleza, nafafanua, natetea. Sasa nimechoka. Rafiki niliyempata njiani ananishauri niwe nasema natoka nchi nyingine. Je, nidanganye? Ninyamaze? Nijibuje mizaha bila kuonekana nimenuna? Na inakuwaje watu waliozunguka dunia yote hii ndio wenye maneno haya?"

Dada, umefanya vizuri kutoitaja nchi, maana karibu kila ninalotaka kukuambia halibadiliki ukiweka jina lolote pale. Mmarekani ataambiwa ana kelele na hajui ramani. Mjerumani ataambiwa hajui kucheka. Mkolombia ataulizwa kuhusu kokeni kabla hajaketi, Mnigeria ataulizwa kuhusu barua pepe za matapeli, na Mrusi atahojiwa kuhusu rais wake kana kwamba wanaishi nyumba moja. Lakini usidhani nakuambia kwamba wote mko sawa. Mjerumani akishataniwa anapanda kitandani analala. Mkolombia kesho yake asubuhi anavutwa pembeni uwanja wa ndege na begi lake linamwagwa juu ya meza mbele ya watu. Mzaha wenye afisa wa mpakani nyuma yake una uzito wake, na nadhani huo ndio uliokuchosha. Wanaokuambia "chukulia poa" mara nyingi ni watu ambao mzaha wao unaishia mezani.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanakuwa mepesi. Unashangaa kwamba watu waliotembea sana ndio wenye fikra mgando kuliko waliokaa kwao. Mimi sishangai. Kazi yangu ni kuwaandaa vijana wanaokwenda nje kusoma na kujitolea, na nimekaa kwenye meza za hosteli za kutosha kujua mazungumzo yake yanavyokwenda. Unatoka wapi? Umeanzia wapi, unaelekea wapi? Una muda gani njiani? Jina huulizwa mwishoni, pengine siku ya kuagana. Katika maisha ya kawaida mtu anakufahamu kwa kazi yako, jirani zako, namna unavyobishana, na uraia wako unakuja baadaye au hauji kabisa. Hosteli inaugeuza mpangilio huo. Utaifa ndio mlango, na watu wakiwa wamechoka, wamefika jioni, wanakutana na sura mpya kila siku, wengi hawavuki mlango huo kuingia ndani.

Tena lebo yenyewe ina nguvu ya ajabu hata ikiwa haina maana yoyote. Mwaka 1963 wanasaikolojia Henri Tajfel na A. L. Wilkes waliwaonyesha watu mistari minane ya urefu tofauti, wakawaomba wakadirie kila mstari una urefu gani. Kwa baadhi yao, mistari minne mifupi iliandikwa herufi A na minne mirefu herufi B. Waliopewa herufi walikuza tofauti kati ya kundi moja na jingine kuliko ilivyokuwa kweli. Fikiria: ni mistari tu, haina dini wala historia ya vita, haijawahi kumwibia mtu. Sasa badala ya herufi weka bendera.

Na kusafiri hakumpi mtu maarifa moja kwa moja. Mwaka 1933 Daniel Katz na Kenneth Braly waliwapa wanafunzi 100 wa Chuo Kikuu cha Princeton orodha ya sifa, wakachagua zinazofaa makundi 10 ya watu. Walikubaliana kwa kiasi kikubwa, hata kuhusu Waturuki, watu ambao wengi wa wanafunzi hao hawakuwa na mazoea nao yoyote. Sifa walizotoa walizirithi tu. Msafiri wa leo anabeba urithi huo huo begini, tofauti ni kwamba akikutana na Mturuki mmoja mwenye hasira kwenye kituo cha basi, anarudi na ushahidi. Waturuki wengine wote waliomwonyesha njia siku hiyo hawahesabiki, kwa kuwa hawakuwa kichekesho cha kusimulia.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Antonio Terracciano katika tamaduni 49. Watu waliulizwa mtu wa kawaida wa nchi yao ana tabia gani, kisha majibu yakalinganishwa na vipimo vya tabia za watu halisi wa nchi hizo. Havikulingana. Wakanada walijiona wapole na wenye kukubaliana na watu, Wamarekani wakajiona wababe na wenye kujisukuma mbele, ilhali vipimo vya mataifa hayo mawili vilikaribiana mno. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe hujui "tabia ya watu wa kwenu" vizuri kama unavyodhani, na hapo ndipo penye mtego wa kutetea: unaanza kubishana juu ya kitu ambacho hakipo.

Sasa utaniambia, mbona kuna mambo yanaonekana kwa macho? Mbona Waisraeli wanatembea makundi makundi, mbona Wamarekani wana haraka, mbona Wachina wanashuka basi zima kwa pamoja? Hapa naomba tukae kidogo, maana ni sehemu ambayo wasafiri wengi hawajawahi kuifikiria. Watu unaokutana nao njiani si sampuli ya nchi yao. Wamechujwa, na chujio lenyewe kwa kawaida ni sheria, likizo na fedha.

Chukua Waisraeli. Huko jeshi ni lazima kwa raia wengi, karibu miaka 3 kwa wanaume na miaka 2 kwa wanawake, na imekuwa desturi kwa wengi kusafiri mbali wakimaliza, hasa India na Amerika ya Kusini. Hivyo unayekutana naye kwenye hosteli ya Cusco, Peru, ni kijana wa miaka 22 hivi aliyetoka kuamrishwa mchana na usiku, yuko na marafiki aliotoka nao kambini, na anataka kupumua. Vijana wa miaka 22 wa taifa lolote ukiwafungulia mlango baada ya miaka hiyo ya amri watakuwa na kelele. Mwalimu wa hesabu wa Haifa mwenye watoto watatu hukutani naye bwenini.

Au chukua habari ya makundi. Wajapani walikuwa wakichekwa kwa kusafiri kundi zima na kamera shingoni muda mrefu kabla Wachina hawajachekwa kwa jambo hilo hilo. Lakini serikali ya Japani haikuruhusu raia wake kwenda nje kwa matembezi hadi Aprili 1964, na hata baada ya hapo mtu aliruhusiwa safari moja kwa mwaka na kiasi cha fedha kisichozidi dola 500. Ukiwa na nafasi moja, fedha zilizohesabiwa, na lugha usiyoijua, utachagua nini kama si ziara iliyopangwa na wakala? China nayo ilianza kuwafungulia raia wake matembezi ya nchi za Magharibi mwaka 1999, kwa makubaliano na Australia na New Zealand, na viza iliyotolewa chini ya mpango huo ilikuwa ya kikundi kinachoongozwa na wakala aliyesajiliwa. Watu wakatazama matokeo ya kanuni ya viza wakasema: hawa ndivyo walivyoumbwa.

Mmarekani mwenye haraka? Sheria ya shirikisho nchini mwake haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ana siku chache alizopewa, na anataka kuona nchi tatu.

Nawe sasa. Nakisia, na nikikosea utanisamehe, kwamba pasipoti yako ni ya kuombea viza kila mahali. Kama ni hivyo, basi kuna jambo wenzako wanaliona wasilolielewa. Ili upate viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ulitakiwa kuonyesha unapolala, fedha zako, bima ya angalau euro 30,000, na tarehe ya kuondoka. Umefika na faili la karatasi na ratiba isiyopindika. Jioni moja mtu anasema kwa furaha, "Kesho twende wote ng'ambo ya mpaka!" Wote wanashangilia, wewe unasema hapana. Hujaeleza kwa nini, maana umechoka kueleza viza. Kwao umeonekana mgumu, mwoga, au unajitenga, na kama nchi yako ina sifa ya ukali, basi ndiyo hiyo imethibitishwa. Katika hali kama hii mimi ningeeleza, tena kwa sentensi moja kavu: "Viza yangu ni ya kuingia mara moja tu, nikitoka sirudi." Wenye pasipoti zenye nguvu wengi hawajui kabisa kwamba maisha hayo yapo, na hili ni moja ya maelezo machache ambayo nimeona yakibadilisha uso wa mtu papo hapo.

Haya, tuje kwenye kudanganya.

Wako wanaofanya. Inajulikana sana njiani kwamba kuna Wamarekani wanaoshona bendera ya Kanada kwenye begi ili waepuke maswali ya siasa. Sitakuhukumu ukifanya hivyo, lakini tutenganishe mambo. Ukiwa peke yako kwenye teksi usiku, au kuna mwanamume usiyemjua anayekuganda kwa maswali, hudaiwi ukweli wowote: taja nchi yoyote, taja mume anayekungoja, taja chochote kitakachokufikisha salama. Kwa polisi, mpakani na kwenye fomu ya mapokezi, usidanganye kamwe, hata kwa utani, kwa sababu hapo uongo mdogo unakuwa kesi. Kinachobaki ni bwenini na mezani, na huko uongo ni kazi ngumu tu. Utaulizwa mji gani. Atatokea mtu wa nchi hiyo hiyo uliyojitungia na kuanza kukusemesha lugha yake. Utafika mapokezi na rafiki zako wapya nyuma yako, na mhudumu atakifungua kile kijitabu chenye rangi na nembo yake mbele ya wote. Hapo utakuwa umewapa habari mbili mpya kwa mpigo: unatoka kule, na ulidanganya.

Kuchelewesha jibu ni jambo jingine, nalo nalipenda. Ukiulizwa unatoka wapi, sema ulikoshuka basi leo. "Nimetoka milimani, tumekaa muda wa saa tisa kwenye barabara ya vumbi, dereva alikuwa anaimba." Mtu mwenye nia ya mazungumzo ataishika habari ya barabara. Mwenye nia ya kukupachika lebo atarudi: "Hapana, kwenu hasa ni wapi?" Umeshajua unazungumza na nani, na utamjibu ukiwa umejipanga.

Mizaha inahitaji jicho zaidi ya kanuni. Kuna mzaha wa mtu anayetafuta tu la kusema. Anajua jambo moja kuhusu nchi yako na amelitoa lilivyo, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta sarafu. Huyu mpe jambo la pili. Usimkosoe, mwongezee. Akitaja vita, mtajie shairi la kwenu au timu ya wanawake ya mpira wa wavu, kitu ambacho wewe unakipenda kweli, kwa sababu usichokipenda utakieleza kama kipeperushi cha wizara ya utalii. Halafu muulize la kwake. Hao ndio wengi, na ukiwachukulia wote kama maadui utajinyima marafiki.

Kuna mzaha wa kurudiwa, wa yule aliyegundua kwamba meza inacheka akikutaja. Kwa huyu sipendekezi kurudisha mzaha wa nchi yake, ingawa wapo watakaokushauri hivyo. Mkishaanza kurushiana, umekubali kanuni za mchezo, na kila jioni utaitwa uwanjani. Ninachopendekeza ni swali, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila tabasamu na bila kukunja uso. Mathalani:

"Ficheni pochi zenu, mwenzetu wa kule amefika!"

"Sijaelewa. Kwa nini wazifiche?"

"Aa, natania tu. Unajua tena, watu wa kwenu..."

"Watu wa kwetu wamefanya nini?"

Acha kimya kidogo hapo. Usimwokoe. Mzaha wa aina hii unaishi kwa kutosemwa mpaka mwisho, na wewe umemwomba aumalizie mbele ya watu. Wengi wataishia "basi, samahani," na wewe ugeukie mtu wa pembeni umuulize kuhusu safari ya kesho. Usihutubie. Kitu kizima kimechukua nusu dakika, na hakuna atakayesema umenuna, maana hukulalamika, uliuliza.

Utaogopa kwamba watakuchukia. Inawezekana wakaudhika. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Czopp, Monteith na Mark, walichapisha majaribio ambamo watu waliotoa majibu ya kibaguzi kuhusu Waamerika Weusi walikosolewa pale pale. Waliokosolewa walijisikia vibaya na hawakumfurahia mkosoaji, lakini baadaye walitoa majibu machache zaidi ya aina ile. Kwa hiyo usipime jibu lako kwa sura ya mtu dakika ile ile.

Kisha kuna sifa tamu, na hii naiogopa kuliko mizaha. Mmekaa siku tatu pamoja, mmeshirikiana jiko, mmecheka, na usiku wa mwisho mtu anakukumbatia: "Wewe si kama wenzako kabisa!" Anamaanisha wema. Lakini tazama alichokifanya kichwani: picha yake ya nchi yako imebaki nzima, na wewe umewekwa nje ya uzio kama kioja. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliieleza hila hii ya akili tangu 1954, namna mtu anavyompisha mmoja halafu anaziba pengo haraka. Ukiwa mpole kupita wote, msafi kupita wote, mkarimu kupita wote, utakuwa unamsaidia kuziba. Ndiyo maana sikushauri uwe balozi mwema. Balozi analipwa mshahara na ana gari lenye namba maalumu. Wewe una kitanda cha juu karibu na choo. Vaa hasira zako, uvivu wako, asubuhi zako mbaya. Na siku ukiambiwa si kama wenzako, jibu: "Mimi ni kama wenzangu sana. Dada yangu anacheka hivi hivi, na mwalimu wangu wa sekondari ndiye aliyenifundisha kubishana hivi." Warudishe watu wako ndani ya uzio pamoja nawe.

Huruma nayo ina fikra zake mgando: "Lo, umewezaje kutoka kule? Wazazi wako wamekuruhusu? Umepata wapi nauli?" Jibu fupi linatosha: nilifanya kazi, nikaweka akiba, kama wewe. Kama yeye alipewa na baba yake, atanyamaza mwenyewe.

Kuhusu kama inawezekana kweli kumbadilisha mtu, nakupa mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni la Richard LaPiere, profesa Mmarekani aliyezunguka nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kubwa. Walifika kwenye hoteli, kambi na migahawa 251, na walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangewapokea Wachina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Alichapisha habari hiyo mwaka 1934. Unaweza kubisha kwamba wageni wale walikuwa na Mzungu msomi pembeni, na utakuwa na haki kabisa. Lakini mimi nachukua hivi: anachosema mtu kuhusu watu wa kwenu, na atakachokutendea wewe ukiwa mbele yake, ni vitu viwili tofauti. Tazama matendo. Aliyekutania jioni, asubuhi anakuomba umwangalizie begi akaoge? Huyo mdomo wake tu ndio umechelewa. Anayekusifia nchi yako lakini anafunga kufuli kila ukiingia, huyo ndiye wa kumpita.

La pili ni kwamba kulala chumba kimoja hakutoshi. Hosteli za vijana zilianzishwa Ujerumani na mwalimu Richard Schirrmann, ya kwanza ya kudumu ikiwa ndani ya ngome ya Altena mwaka 1912, na mwaka 1932 vyama vya nchi kadhaa za Ulaya vilikutana Amsterdam kuunda shirikisho la kimataifa. Haikupita hata miaka 10, nyingi kati ya nchi hizo zikawa vitani. Allport, yule yule wa uzio, alisema watu wakikutana chuki hupungua zaidi wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, wakisaidiana, na penye mamlaka inayounga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 na kukuta kwamba kwa ujumla kukutana kunapunguza chuki, na masharti hayo yakiwepo kunapunguza zaidi. Meza ya kunywea ya hosteli haina hata moja ya masharti hayo, zaidi ya watu kukaa. Kupanda mlima pamoja inayo. Kukodi gari watu wanne, mmoja anashika ramani na mwingine anahesabu mafuta, inayo. Zamu ya kujitolea hosteli, mnatandika vitanda kumi na wawili kabla ya saa tano, inayo. Ukiwa na nguvu kidogo tu za kutumia kwa wiki, zipeleke huko, na usiku wa mezani upite hivi hivi.

Chaja. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu jambo hili lingeweza kukuletea matatizo.

Chaja za bwenini hazipotei kwa wizi mara nyingi kama watu wanavyofikiri. Mtu anaondoka saa kumi alfajiri, anakusanya vitu vyake gizani kwa tochi ya simu, anachomoa ukutani chaja nyeupe iliyofanana na yake, anaondoka. Mwenye nayo anaamka na kukuta tundu tupu, na wa kulaumu ni waliobaki. Ikitokea tena, usikimbilie kufungua begi lako kuonyesha huna kitu. Najua mkono unawasha, unataka yaishe. Lakini anayefungua begi peke yake ameshakubali kwamba yeye ndiye mshukiwa, na wengine watakumbuka tu kwamba kuna siku ulipekuliwa. Uwe wa kwanza kusema: "Tuangalie soketi zote na chini ya vitanda, halafu tuulize mapokezi nani ameondoka alfajiri." Ukisema hivyo umesimama upande wa wanaotafuta. Mtu akitaka mabegi yafunguliwe, kubali kwa sharti: yote, pamoja na lake, na mfanyakazi wa hosteli awepo. Mara nyingi hamu ya kupekua inaishia hapo. Na kabla ya hayo yote, tumia kabati lenye kufuli yako mwenyewe, zungushia chaja yako utepe wa rangi, piga picha vifaa vyako na namba zake. Inaudhi kwamba wewe ndiye unayelazimika kujilinda na wengine hapana. Inaudhi, lakini fanya.

Kama anayekubagua ni hosteli yenyewe, mambo ya mizaha na maswali ya upole yanaishia hapo. Ukinyimwa kitanda ulichokwisha kukilipia kwa sababu ya pasipoti, au ukidaiwa amana ambayo wenzako hawadaiwi, omba uonyeshwe kanuni hiyo kwa maandishi, piga picha, andika saa na ulichoambiwa, kisha lalamika kwa tovuti uliyolipia ukiwa bado pale. Ipo hosteli yenye sheria ya kutopokea raia wa nchi ilipo, au wakazi wa mji ule ule, na inaitangaza wazi. Hiyo ni habari nyingine. Lakini kumkataa mgeni kwa asili ya taifa lake ni kosa katika nchi nyingi: Marekani tangu sheria ya haki za kiraia ya 1964, ambayo inataja hoteli waziwazi, na Uingereza chini ya sheria ya usawa ya 2010, ambamo uraia umehesabiwa pamoja na rangi na asili. Huhitaji kuwa mwanasheria kwenye kaunta. Kuitaja tu sheria kwa jina na mwaka wake, kwa sauti tulivu, kumewahi kufungua vyumba vilivyokuwa "vimejaa".

Nina neno moja la pembeni, na usinichukie. Barua yako imeandika "hao wasafiri" mara kadhaa katika sehemu nilizozifupisha, na mara moja umetaja taifa fulani kwamba "ndio wabaya zaidi". Huenda wamekutenda vibaya. Lakini nao wamechujwa kama wengine wote.

Uchovu wako ni wa kweli na unahitaji mapumziko. Chukua chumba cha peke yako siku mbili tatu. Tafuta mtu wa nchi yako, mkae mseme lugha yenu mpaka usiku. Msikubali kuambiwa mnajitenga. Acha kwenda mezani siku usiyotaka.

Na huyo rafiki wa njiani aliyekushauri udanganye, usimwache hivi hivi. Anakupenda, na ana kitu ambacho wewe huna: mzaha haumhusu. Mwombe kwamba akiusikia tena, yeye ndiye aulize "Kwa nini wazifiche?" kabla wewe hujafungua mdomo. Swali lile lile likitoka kwake halina mtu wa kuitwa mnunaji. Mwambie leo, kabla hamjafika hosteli inayofuata, na mpeane maneno yenyewe, maana watu wengi hunyamaza kwa kukosa la kusema tu.